Dawati la Mbele

Ting'.

Kijiko kiligonga kikombe cha bati mara moja, kikatulia. Kulikuwa hakujapambazuka bado, taa haijawashwa, na mama alikuwa amechuchumaa kando ya kitanda akimsikiliza mwanawe anavyopumua. Akagonga tena, karibu zaidi. Ting'. Mtoto hakutikisika. Akamgeuza taratibu mpaka sikio la kushoto likaja juu, akagonga mara ya tatu. Kope zikacheza.

"Eti?" mtoto akauliza, usingizi umemjaa mdomoni.

"Hakuna kitu, mwanangu. Lala."

Hivyo ndivyo alivyompima kila Jumatatu tangu ile homa. Homa ilipoondoka iliondoka na sikio la kulia lote, la kushoto ikaliacha nusu. Daktari aliandika matone, akasema lililobaki litunzwe, akaita mgonjwa mwingine. Mtaani wakampa mtoto jina la Eti, maana kila ukimsemesha aliinua kidevu: "Eti?" Wengine walicheka. Mama yake hakulichukia jina hilo, kwa kuwa neno lenyewe alimfunza yeye.

"Usiposikia, usiitikie," alimwambia tangu akiwa na miaka minne. "Uliza. Kuuliza si aibu. Aibu ni kuitikia usichokijua."

Na alipoulizwa alirudia, mara mbili, mara tano, hata akiwa amechoka kama punda wa maji. Mtoto akiuliza "eti" alijua bado yupo naye.

Kulipokucha alimvisha gauni la bluu, akachukua daftari lake. Bibi, mama mkwe wake, alikuwa mlangoni anachambua mchele.

"Daftari la nini tena?"

"Nimeandika maswali, mama. Naenda kuiangalia shule kwanza ndiyo nimwandikishe."

Bibi alicheka mpaka ungo ukatikisika. "Mkaguzi wetu huyo! Shule haikaguliwi, mwanangu, unaandikisha mtoto unarudi nyumbani. Na wewe si ulisoma palepale?"

"Nilikaa palepale miaka saba, mama. Kusoma nilisomea jioni."

Bibi akarudi kwenye mchele wake, maana hilo alilijua. Alimwona mwenyewe, mke wa mwanawe, akitoka kazini kwa dobi mikono inanuka mvuke wa pasi, akaenda darasa la jioni na mtoto mgongoni. Huko mwalimu mmoja mzee alisimama mbele yake akasema, "Wewe, dada. Nisomee wewe." Hakuna aliyewahi kumwambia *wewe* darasani. Alishindwa kusoma, akalia, na kuanzia siku hiyo ndipo akaanza kujua kusoma.

Siku ya mwisho ya kuandikisha ilikuwa leo. Shule yenye darasa la watoto wasiosikia vizuri ilikuwa mji mwingine, ya bweni, na hawapokei mtoto wa miaka sita. Shule ya kulipia ya karibu, ile ambayo baba Eti aliapa atajinyima mpaka aiweze, walimsemesha mtoto mara mbili, akauliza "eti" mara mbili, wakasema nafasi zimejaa. Aliyekuwa nyuma yao kwenye foleni aliandikwa papo hapo. Ikabaki hii ya mtaani, na ruhusa ya tajiri wake wa udobi ya kuwa nje mpaka saa sita.

Mwalimu mkuu alikuwa mwanamke mnene, mchangamfu, mwenye chaki hata kwenye nyusi. Alilitazama lile daftari kama mtu aliyeletewa samansi.

"Haya mama, uliza. Wazazi wengine huku hawaulizi hata choo kiko wapi."

"Nilitaka kuanzia hapohapo."

Mkuu akacheka, akampeleka. Vyoo vya wasichana vilikuwa na matundu sita na mlango mmoja. Wenye zamu ya mlango waliingia, wengine walisitiriana kwa kanga ya mwalimu iliyotundikwa msumarini. Bomba lilikuwepo, koki haikuwepo. Mama aliandika. Alitaka kuandika pia jambo zuri, akatafuta, akaona uwanja umefagiwa vizuri, mistari ya fagio ikionekana kama ya mtu aliyechana nywele. Akaliandika hilo kwa herufi kubwa kidogo.

"Darasa la kwanza wako wangapi?"

"Mia na kumi na saba. Wa kwako atatimiza kumi na nane."

"Anasikia sikio moja, mwalimu. Nalo nusu. Akikaa mbele, sikio la kushoto likawa upande wa mwalimu, anasikia. Nimempima."

Mkuu aliacha kucheka. Kwa mara ya kwanza alimtazama kama mtu. "Nitasema akae mbele. Hilo naliweza. Mengine, mama, nisikudanganye." Kisha akajikaza, akarudisha uchangamfu wake kama mtu anayevuta shuka. "Hebu mwache aonje darasa wakati tunajaza fomu. Saa moja tu. Atapenda!"

Mama akakubali. Baadaye angejiuliza ni nani aliyemtuma.

Mwalimu wa darasa la kwanza alikuwa kijana mrefu, sauti imemkauka kama ya muuza mitumba jioni. Alimpokea Eti kwa mkono, akawasogeza watoto watano wa dawati la mbele wakawa sita, akambana mwishoni kabisa, penye dirisha. Mama aliona mara moja. Sikio la kushoto lilielekea dirishani, kwenye barabara ya malori. Lililokufa ndilo lililomwelekea mwalimu.

"Samahani mwalimu, angekaa mwisho wa upande ule mwingine..."

"Pale anakaa mwenye kifafa, mama, karibu na mlango." Alisema kwa upole. "Nipe muda nitapanga."

"Na akiwa hajasikia, utajuaje?"

Kijana akafuta uso, akajipaka chaki zaidi. "Nauliza 'mmeelewa?' Wakisema tumeelewa, nasonga. Nikimsubiri mmoja, mama yangu, hawa mia wengine wataota mizizi."

Hakusema kwa ubaya. Angesema kwa ubaya, mama angejua la kufanya.

Ofisini alisoma fomu yote, hata maandishi madogo ya chini, kidole kikifuata mstari. Penye "mengineyo" mkuu aliandika: *akae dawati la mbele*. Neno lilikuwa karatasini, na yeye alikuwa mtu aliyechelewa kujua karatasi, bado aliziamini. Sasa ukutani, kupitia tofali zenye matundu, sauti ikaja:

"Mmeelewa?"

"Tu-me-e-le-wa, mwa-li-muuu!"

Kalamu ikasimama. Wimbo ulikuwa uleule, mapumziko yaleyale, ile *muuu* ya mwisho inayopanda kama moshi. Aliuimba miaka saba. Hakujua *ba* wala *be*, lakini alikuwa na sauti nzuri, na mwalimu wake alimsifu kwa kuitikia.

"Unasikia?" mkuu akasema, uso umemnawiri. "Hapa hatuna mtoto bubu!"

Mama alifikiria mji mwingine, bweni, mtoto wa miaka sita asiyepokelewa. Alifikiria kumfungia nyumbani na Bibi mwaka mzima mwingine. Nitamfundisha mwenyewe jioni, alijiambia, shuleni achukue rafiki na daftari, nyumbani achukue akili. Akaweka sahihi, jina lake lote, kwa mwandiko aliousumbukia, na mkuu akagonga muhuri.

Alipokwenda kumchukua alisimama kwanza dirishani. Eti hakumwona. Alikuwa amegeuza kichwa, hamtazami mwalimu, anamtazama msichana wa pembeni yake, midomo yake hasa. Mwalimu akauliza. Darasa likaimba. Na Eti akafungua kinywa pamoja nao, nyuma kidogo, kama mtu anayepokea maiki kutoka kwa mwenzake, akamalizia *muuu* peke yake wenzake walipokwisha nyamaza. Msichana akamchekea. Eti naye akacheka, mabega yamemshuka. Mama hakuwahi kumwona amelegea hivyo kati ya watoto.

"Hodari sana mwanao!" mwalimu akasema, akimleta mtoto mpaka mlangoni. "Alianza na 'eti, eti', wenzake wakamcheka kidogo. Sasa hivi keshazoea. Hasumbui kabisa."

"Aliuliza nini?"

Mwalimu akafikiri kwa uaminifu. "Sikumbuki, mama. Kulikuwa na kelele."

Kwa dobi kulikuwa na sheria moja tu iliyoandikwa ukutani, na ndiyo maneno ya kwanza aliyoweza kuyasoma bila msaada: *Doa kwanza, pasi baadaye.* Doa likishapigwa pasi halitoki. Aliiona sheria hiyo kichwani wakati wanavuka uwanja, wakiharibu mistari ya fagio kwa miguu yao.

Barabarani lori likapita, vumbi likatua. Mama akahamia upande wa kulia wa mtoto, upande uliokufa, makusudi. Akainama kidogo tu. Sauti yake aliishusha ikawa ya kawaida, ya nyumbani.

"Tukifika, nikuchemshie yai au nikukaangie?"

Akangoja kidevu kiinuke. Aliingoja ile "eti" kama mtu anayengoja mlango ufunguliwe, akiwa tayari kurudia mara mbili, mara tano, mara kumi.

Mtoto alimtazama midomoni. Akaona imeacha kucheza, akajua zamu yake imefika. Akatabasamu tabasamu la mtu aliyefaulu, akajibu kwa sauti:

"Tumeelewa, mwalimu."