Msiba wa Nasieku

Usiku wa jana niliota tumemwekea duma matanga, na duma mwenyewe amehudhuria.

Matanga yako ofisini kwetu, kule mbugani. Kola ya duma huyo, Nasieku, ile tuliyomvisha shingoni ili tujue aliko, imekalia kiti cha mkuu wetu, Mzee Lukumay, inapokea rambirambi. Ilinyamaza wiki iliyopita, ikaacha kututumia ishara. Kwa utaratibu wetu, kola ikinyamaza, mnyama amekufa, na hatafutwi tena.

"Mimi nimeishiwa betri tu," kola inasema.

"Pole sana," anajibu Lukumay. "Kazi ya Mungu haina makosa."

Nasieku anaingia akichechemea, anaketi mkekani karibu yangu. Hasira inanipanda mpaka masikio yanawaka.

"Mzee, huyu hapa."

"Marehemu haketi na wafiwa," ananijibu huku akimimina chai. "Halafu umemjuaje?"

"Kwa madoa yake."

Anafungua albamu. Picha zetu zote ni za ubavu wa kushoto. Madoa ya kulia ni mengine kabisa, na hatukuwahi kuyapiga picha. Nasieku ametuelekezea wa kulia.

"Upande huo hatumfahamu," anasema Lukumay. "Ageuke."

"Siwezi, baba," anasema Nasieku kwa adabu. "Nimenaswa."

Ofisi inakuwa korongo la mchanga. Mkeka ni nyasi kavu, waombolezaji ni tumbusi, kila mmoja na sahani yake. Mguu wa nyuma wa Nasieku umo kwenye kitanzi cha waya. Lukumay bado anamimina chai, sasa mchangani.

"Ukimtoa," ananionya, "msiba wote utakuwa wa uongo. Na watu wameshakula."

"Basi watapike. Na wewe ni mpumbavu."

Sijawahi kumtukana mtu wa rika lake, na sioni haya hata kidogo. Naushika waya kwa mikono mitupu, navuta. Haukatiki. Nasieku ananitazama tu, halalamiki, na hilo ndilo linalonichoma zaidi.

Niliamka kiganja kinavuja damu. Ndani ya kidonda mlikuwa na kutu, na unyoya mmoja mfupi wa manjano, wa duma.

Sikunawa. Korongo lile nalijua. Nilichukua koleo la kukatia waya, nikaenda kuugonga mlango wa Lukumay mpaka bawaba zikalegea. Alitoka na shuka kiunoni.

"Kuna msiba?" akauliza.

"Bado," nikamwambia. "Lete ufunguo wa gari."