Bahasha ya Miss Harlan

Kama kuna mtu aliyejua jinsi mwalimu anavyolala njaa na chaki ingali mkononi, ni Baudouin. Alifundisha darasa la tatu huko Uvira, mashariki ya Kongo, miaka kumi na mmoja, na mshahara wa serikali aliuona mara za kuhesabika. Waliomlisha ni wazazi. Kila mwisho wa mwezi walichanga, wakaandika majina ya watoto wao kwenye karatasi, wakatia fedha na karatasi katika bahasha moja, wakamkabidhi mbele za watu. Waliiita prime. Haikuwa hongo, na ole wako umwambie Baudouin kwamba ilikuwa hongo.

Mwaka wa 2011 alikuwa mkimbizi Durban, Afrika Kusini, akitengeneza simu katika duka la Peguy kule South Beach, na wateja walimwita Mwalimu. Binti yake Ineza, mwenye miaka kumi, hakuwa naye. Mama yake mtoto alikuwa ameshafariki, na vita vilipowatawanya, Ineza alikimbia na shangazi yake, Valérie, akaandikwa kwenye faili la ukimbizi la Valérie, na faili hilo likapata Marekani. La Baudouin lililala ofisini. Baba na mwana walikutana tena Durban, wakakaa pamoja miezi minane tu, kabla ndege haijawachukua wale wawili hadi mji mdogo wa Ohio.

Ineza alifika huko hajui kusoma. Mtoto wa mwalimu! Katika ile miezi minane Baudouin alikuwa akilinda magari ya watu tangu alfajiri mpaka giza, na kila siku alijiambia ataanza kumfundisha wiki ijayo. Amesomesha watoto wa wenzake kwa mamia, wake akampita hivi hivi. Aibu hiyo alikuwa akiimeza kila siku na haikushuka.

Kwa hiyo alimpenda Miss Harlan bila kumwona. Huyo ndiye mwalimu wa huko Ohio aliyekaa na watoto wageni saa moja kila siku, akiwafundisha kusoma mpaka waelewe. Kufikia Januari, kila Jumapili mchana, Ineza alimsomea baba yake ukurasa mmoja kwenye simu. Baudouin hakujua Kiingereza cha kutosha kuelewa yote, lakini alijua sauti ya mtoto anayeanza kusoma, na aliisikiliza amefumba macho.

Jumapili moja ya Machi, Valérie ndiye aliyepokea.

"Kaka, Miss Harlan watamutoa mwezi wa sita. Wanasema shule haina franga."

"Shule ya Amerika?" Baudouin alicheka. "Valérie, usinichekeshe."

"Haki ya Mungu. Waliuliza wenye mji kama wataongeza kodi ya serikali ya nyumba zao, juu ya shule. Wakapiga kura, wakakataa."

Baudouin aliacha kucheka. Nchi inayotuma magunia ya unga yenye bendera yake mpaka Uvira inashindwa na mwalimu mmoja? Akapandwa na hasira, kisha, masikini, akapata wazo.

"Sikia. Wazazi iko wangapi wenye watoto kwake?"

"Wa kwetu? Familia saba."

"Basi mufanye prime. Mi nitatuma three hundred rand. Andikeni orodha, kila mtoto na kiasi chake, mutie kwenye bahasha. Orodha musisahau. Orodha njo inamulinda mwalimu, watu wasiseme amekula kwa siri."

Peguy, aliyekuwa akisikiliza huku anafungua kioo cha simu, alitikisa kichwa. "Eish, Mwalimu. Kule si Uvira. Uliza kwanza."

"Mwacha mila ni mtumwa," Baudouin akamjibu. Kumbe wahenga hao hao walisema ukienda kwa wenye chongo, vunja lako jicho. Methali hiyo hakuitaka siku ile.

Wazazi wakachanga. Valérie, akiwa amevaa kitenge chake cha kanisani, alimkabidhi Miss Harlan bahasha mlangoni pa shule, mbele za watu, kama ilivyo heshima. Mwalimu aliifungua, akaona noti, akaona majina saba na jina la Ineza juu kabisa, akaanza kulia. Halafu akaipeleka kwa mkuu wa shule, kwa kuwa sheria ilimtaka hivyo.

Mkuu hakuona shukrani. Aliona watoto saba na bei zao. Fedha zilirudishwa siku hiyo hiyo, uchunguzi ukafunguliwa, na ikaamriwa kwamba mpaka uishe, mtoto yeyote wa kwenye orodha asikae na Miss Harlan. Uchunguzi uliisha wiki ya mwisho ya masomo. Mwalimu hakuwa na kosa. Wiki hiyo hiyo kazi yake ikafutwa, kama walivyokuwa wamepanga tangu mwanzo.

Miezi miwili na zaidi iliyokuwa imebaki, Baudouin ndiye aliyeifuta. Alilijua hilo na hakuna aliyehitaji kumwambia.

Jumapili ya kwanza baada ya bahasha kurudishwa, Ineza alipokea simu mwenyewe. Baudouin alimwomba amsomee ukurasa.

"Sina kitabu. Vitabu vilikuwa vya Miss Harlan."

"Basi tuongee tu, mama."

Mtoto akauliza, "Baba, kwenye bus watoto wanasema tulitaka kumununua Miss. Na wewe ulikuwa unapokea bahasha?"

"Ndiyo. Kila mwezi."

"Juu ya nini walikuwa wanakupatia?"

Baudouin aliweka bisibisi mezani. "Ili nisiwaache watoto wao."

"Lakini uliwaacha," alisema Ineza. Hakusema kwa ubaya. Alitaka kuelewa tu.

Baudouin alitafuta neno la vita, la usiku ule wa kukimbia, la barabara. Yote yalikuwa kweli, na aliyaacha.

"Ndiyo, mama," alisema. "Niliwaacha."