Mabuti Hayavuliwi Kabla ya Kusema

Kikosi kile cha kuongoza wageni mlimani kilikuwa na sheria moja: mkirudi mnakaa stoo, kwenye benchi, na hakuna kuvua mabuti mpaka kila mtu aseme alikosea wapi na aliogopa nini. Walikiita kikao cha tathmini. Tathmini gani! Ukiwa na mabuti yaliyolowa chapachapa tangu asubuhi, hata ungekutana na jini ungesema safari ilikuwa njema.

Fundi Kamba alikuwa bingwa wa kusema njema. Angefanyaje? Kiongozi wao, Jemadari, alikuwa baba mkwe wake, na mtu aliyepewa binti hafungui mdomo ovyo.

Lakini leo Jemadari aliwapitisha kwenye korongo huku mawe yakiporomoka, na moja likaing'oa sufuria mgongoni mwa mpishi. Na kesho walikuwa wapite palepale na darasa zima la watoto.

Mpishi akaanza. Safari njema, akasema, ila sufuria imetangulia mbele ya haki. Mbeba mizigo naye akasema njema, huku ameshashika kamba za buti. Zamu ikamfikia Fundi Kamba. Akamwaza mkewe atakavyonuna. Akawawaza wale watoto na vikoba vyao mgongoni.

"Shikamoo, baba," akasema, ingawa walishinda pamoja kutwa nzima. "Leo tumepona kwa bahati tu. Korongo lile halipitiki. Niliyaona mawe mapema nikanyamaza, kwa sababu ni wewe."

Mpishi akakodolea macho dari, utadhani sufuria yake iko huko.

Jemadari akajikuna ndevu. "Mimi niliyaona kabla yako. Niliogopa, mwanangu. Nikageuka nyuma, nikaona mnakuja tu. Nikasema moyoni, wangeogopa wangesema."

"Na sisi tulikuwa tunakufuata wewe," mpishi akasema. "Mizigo yote ile, na akili hakuna aliyebeba."

Jemadari akatangaza kwamba kesho watazunguka kwa njia ndefu ya darajani, watoto walalamike watakavyo. Kisha akainama kufungua buti, lakini fundo lilikuwa limelowa, likakataa. Fundi Kamba akapiga goti, akalifungua, akavuta. Buti likatoka na harufu yake. Akageuza uso pembeni, akajikaza kiume.

"Sema," Jemadari akamwambia.

"Linanuka, baba."