Uso wa Mjane

Miaka kumi na tisa, katika karakana ya Bwana Thirkell ya kuchonga picha za magazeti hapa London, nyuso zilikuwa zangu. Wengine walichonga mapazia na mawingu; uso ukija, ulikuja mezani kwangu. Mpaka alipoletwa Lavinia Stott, binti wa muuza samaki.

Gazeti la picha lilitaka ule mchoro wa mjane aliyesimama mlangoni, ambao matajiri walikuwa wakisukumana kwenda kuutazama kwenye jumba la michoro. Sisi tuuchonge kwenye mbao, uchapwe, uwafikie wasio na pa kuuona. Ubao mkubwa ni vipande sita vilivyokazwa kwa skrubu; hufunguliwa, kila mchongaji akachukua chake. Bwana Thirkell akanipa kipande cha pazia la mlango. Uso akampa Lavinia.

"Usininunie, Obadia," alisema. "Mkono wako safi. Wake unapumua."

"Mbao hazipumui, bwana."

"Ndiyo maana nimekupa pazia."

Wenzangu wakacheka chinichini. Nilichonga nikimtazama yule binti kwa pembe ya jicho, nikiomba mkono wake uteleze.

Siku ya tatu akaniinamia. "Mzee Obadia, kope hii ya chini ungeikataje?"

Nilijua jibu. "Kata unavyojua," nikamwambia.

Akakata anavyojua, na ikawa sawasawa. Nilimchukia zaidi.

Jumamosi gazeti likatoka. Pembeni mwa picha huchongwa jina la karakana tu, sisi hatutajwi. Mke wangu Keziah, ambaye hajawahi kukanyaga jumba la michoro, huzikata nyuso zangu gazetini na kuzibandika ukutani jikoni. Habari za pazia sikuwa nimemwambia.

Nilipofika nyumbani nilimkuta ameshazibandua nyuso za katikati ya ukuta. Mjane alikuwa peke yake pale, na gundi bado mbichi.

"Mama alisimama hivihivi siku tuliyomzika baba," alisema, akijifuta macho kwa aproni. "Nikwambie ukweli, mume wangu? Zile nyingine nilizibandika kwa sababu ni zako. Hii ningeibandika hata kama ingekuwa ya mtu mwingine."

Jina la Lavinia lilifika mpaka kwenye meno.

"Nakusifu, bwana."

"Asante, Keziah," nikasema. Nikavuta kiti, nikakaa kulitazama pazia langu pale pichani.