Mbegu za Mathias

Leonia, mwalimu wa shule ya msingi huko Igunga, hakuwahi kumchukia mumewe Sayi mpaka siku ile walipokuwa kliniki, Tabora mjini.

Miaka sita ya ndoa, mtoto hakuna. Mama mkwe alimchemshia mizizi iliyochanganywa na nyongo ya mbuzi, akamsimamia mpaka amalize. Akitapika, anachemshiwa nyingine. Mwaka jana ndipo walipokuja kupima. Mathias, mdogo wake Sayi, aliandamana nao kufuata spea za pikipiki. Sayi alidai anaona haya kutoa mbegu chooni pale kliniki, akaruhusiwa kuzileta kutoka gesti ya jirani. Majibu yakawa mazuri ajabu: mbegu tele, zaidi ya nusu zinaogelea mbele kwa nguvu. Basi ubovu ukawa wa Leonia. Akasukumiwa dawa kwenye mirija ya uzazi huku akiuma kanga, akachomwa sindano za kukuza mayai mpaka tumbo likavimba.

Safari hii walikuja kupandikiza mbegu kwenye mji wa mimba, na zilitakiwa kutolewa papo hapo kliniki. Sayi alikaa chooni karibu saa nzima, akatoka na kikopo bila kumtazama mtu.

Baadaye Elieth, mtaalamu wa maabara, akawaita wote wawili. Aliwaeleza kwa upole kwamba katika kila mbegu mia, tatu tu ndizo zinazosogea, nazo zinajikongoja. Kupandikiza hivyo ni kujisumbua, maana mbegu isiyokwenda hailifikii yai. Homa inaweza kuzidhoofisha, akasema, lakini si kiasi hiki.

"Zile za mwaka jana zilikuwa zako, kaka?"

Sayi akakiri. "Za Mathias."

Mate machungu yakamjaa Leonia mdomoni. Mathias, anayekula kwake kila Jumapili na kumsifia mchuzi, alikuwa anajua.

Elieth akaendelea kusema kwamba njia ipo: hospitali kubwa huteua mbegu moja iliyo hai na kuichoma ndani ya yai, hata hizo chache zikafaa kujaribiwa. Sayi hakumsikiliza. Alimwinamia mkewe sikioni.

"Nimemwita Mathias, yuko stendi, atoe yeye. Damu ni moja, Leonia. Nani atajua?"

Pumzi yake ilikuwa ya moto shingoni. Leonia alijichomoa, akawahi sinki la maabara, akatapika mpaka hakikubaki kitu. Sayi alipotaka kumshika bega, ngozi ilimsisimka Leonia kama amekanyaga mzoga.

Hakurudi Igunga; shuleni aliomba ruhusa. Alipanda gari la Kigwa, kwa dada yake Koleta. Sayi alimfuata mara mbili. Ya pili alileta majibu ya kipimo kipya, nacho cha mbegu zake mwenyewe. Leonia aliyasoma, akamrudishia.

"Ugonjwa huu tungeuuguza pamoja," alimwambia. "Sasa hata kukaa karibu nawe kunanichefua."

Muhula ulipokwisha, akaomba uhamisho wa kwenda kufundisha Kigwa.