Kompyuta Namba Nne

Stambuli alimwua yule mtu kwa risasi moja ya kichwa, kisha akautoa mkono kwenye mausi na kuutazama kana kwamba ni wa jirani.

Katikati ya kioo, kijialama chekundu cha kulengea kilikuwa kimetulia tuli. Wiki tatu nyuma kilikuwa kikirukaruka mpaka macho yanauma.

"Umeona?" aliuliza bila kugeuka.

"Nimeona, mjomba," alijibu Mwanvita kutoka kwenye mashine yake ya fotokopi. "Mkono umerudi."

Msimcheke. Najua inavyoonekana, mtu wa miaka hamsini na nane, fundi aliyeishonea nusu ya Mwembesongo kanzu za Idi, kukaa saa nne asubuhi ndani ya steshenari ya mpwa wake akiwinda watu kwenye kompyuta. Lakini mfa maji haishi kutapatapa. Tangu masika mkono wake wa kulia ulikuwa ukitetemeka. Ulianza na kikombe cha chai, ukahamia kwenye mkasi. Daktari alimpa vidonge, akamwambia mkono usikae bure, aupe kazi ndogondogo za kulenga. Daktari hakusema bunduki. Bunduki ilikuwa akili ya Mwanvita, aliyekuwa na kompyuta sita za kuchapia barua, na zisipokuwa na barua zilikuwa za vijana wa gemu.

Kushona hakukuwa taabu. Raya, mkewe, alikuwa amekaa kwenye cherehani na mishono yake ilinyooka vizuri tu. Taabu ilikuwa kukata. Na fundi asiyekata ni fundi wa viraka. Stambuli alilisema hilo mwenyewe, tena si kwa utani.

Kilichomkosesha usingizi kilikuwa ndani ya sanduku chini ya kitanda. Hariri rangi ya maziwa, yadi sita, aliyoinunua marehemu dada yake Pili miaka minane iliyopita. Pili alimkabidhi akiwa hoi kitandani. "Siku Mwanvita akiolewa utamkatia wewe," alimwambia. "Si fundi mwingine." Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye kauli juu yake. Kauli ya ndoa yenyewe Stambuli alishaitoa. Sasa Mwanvita anaolewa Jumamosi ya wiki ijayo, na hariri ile haipatikani tena, hata Kariakoo walishaitafuta. Ikifika Ijumaa ya wiki hii mkono haujatulia, kitambaa kitakwenda kwa Hafidhi wa sokoni, ambaye kwa maneno ya Stambuli hukata nguo kama anayekata mchicha.

Siku ya kwanza ile mausi ilimtoa jasho. Akiivuta polepole, mtu wake wa kwenye gemu anageuka kidogo. Akiivuta kwa pupa, mtu anazunguka mpaka anatazama alikotoka, na huko ndiko anakouliwa. Stambuli alivua futi yake shingoni akapima juu ya meza. Inchi nne za polepole zilimgeuza mtu robo. Inchi nne zilezile za haraka zilimzungusha mzima. Akapima tena, maana alidhani amekosea.

"Rula gani hii?" aliuliza. "Yadi ni yadi, uwe na haraka usiwe na haraka."

"Inaitwa akseleresheni, mjomba," Mwanvita alicheka. "Mausi ikiona una haraka, inakuongezea mwendo."

"Nani kaiomba?"

Mwanvita aliinama, akaingia kwenye mipangilio, akaizima. Stambuli akapima mara ya tatu, inchi nne zikawa inchi nne, akaridhika. Kulikuwa na kitu kingine kule ndani, kijiti cha kusogeza kushoto na kulia, akauliza ni cha nini.

"Hiyo sensitiviti, wepesi wa mausi. Hiyo niachie mimi."

Akamwachia. Siku zikaenda, na kila siku alama nyekundu ilizidi kutulia kuliko jana yake. Mpaka Jumatano hii, risasi moja, kichwa kimoja. Stambuli akasimama, akavaa kofia yake na kusema anakwenda kukata.

"Leo?" Mwanvita aliuliza, na sauti yake ilikuwa na kitu ambacho Stambuli hakukisikia kwa furaha aliyokuwa nayo. "Si ungengoja hata kesho?"

"Ningoje nini, mwanangu? Umesema mwenyewe umerudi."

Nyumbani alimwambia Raya atoe sanduku. Raya alimtazama, akamtazama tena, akalitoa. Hariri ikatandazwa juu ya meza ya kukatia. Stambuli akapiga bismillahi, akashika chaki na kuvuta mstari wa ubavu.

Mstari ulikwenda hivi ukarudi hivi, kama njia ya siafu.

Akaufuta kwa kiganja. Labda meza inacheza. Akaweka kipande cha kadibodi chini ya mguu wa meza, akavuta tena. Ulikuwa uleule. Labda ni njaa. Akanywa uji, akapumzika, akavuta. Uleule. Stambuli hakuelewa. Saa moja iliyopita mkono huu huu ulikuwa umetulia, watu wameona. Kwa nini uwe mzima kwa bunduki na mgonjwa kwa chaki? Aliwaza uzee, akawaza jicho la mtu, akamwaza Hafidhi na kitendo chake cha kupita mbele ya nyumba Jumapili huku akiuliza hali kwa sauti ya huruma mno.

"Acha, baba Zuhura," Raya alisema taratibu. "Chakula cha mchana kinaiva. Utakata kesho."

Pengine angeacha kama asingeambiwa aache. Alichukua mkasi. Alijiambia kwamba chaki ni nyepesi, ndiyo maana inatetemeka, ila mkasi una uzito, utatulia. Mkasi ukaingia kwenye hariri kwa sauti anayoijua tangu ujana wake, ukaenda vidole viwili, kisha ukakata kona kuelekea mahali ambapo hakuna fundi ambaye angekwenda.

Akauweka chini. Raya alikishika kile kitambaa pale palipokatwa, akapabana kwa vidole kana kwamba pataungana.

Stambuli alirudi steshenari kwa miguu, katikati ya jua la saa saba, bila kofia. Hakuwa na jambo la kumwambia mtu. Alitaka kuona tu. Namba nne, kompyuta yake ya siku zote, ilikuwa na mtu, Raphael, dereva wa bajaji ambaye huja kucheza wakati wa mapumziko. Stambuli akakaa namba mbili. Akashika mausi, gemu lilelile, bunduki ileile.

Alama nyekundu ilirukaruka kioo kizima. Akauliwa kabla hajahesabu mpaka tano. Akafufuka, akauliwa tena.

"Dada Mwanvita," Raphael alilalamika kutoka namba nne, "hii mausi nani kaichezea? Sensitiviti iko chini kinoma. Mpaka nifagie meza nzima ndiyo nigeuke. Nikitikisa kiganja hata haina habari."

Mwanvita alikuwa akifunga bahasha. Mikono yake ilisimama.

Stambuli aligeuka polepole. Aliitazama namba nne, akaitazama namba mbili, akautazama mkono wake. Si kwamba alielewa yote. Ila alielewa kuwa mkono ni mmoja na kompyuta ni mbili, na inayodanganya si ile iliyotetemeka.

"Uliishusha," alisema.

"Mjomba."

"Lini?"

"Kidogokidogo," Mwanvita alijibu, macho yakiwa kwenye bahasha. "Kila asubuhi kabla hujaja. Siku ya pili ulipoondoka hapa nilikuona barabarani umeuficha mkono mfukoni, nikashindwa kuvumilia. Nikasema nikuonjeshe furaha kidogo tu. Ukawa unakuja unacheka. Nikakosa pa kuanzia."

"Nimelikata, Mwanvita."

"Umekata nini?"

"Kitambaa cha mama yako."

Raphael alivua hedifoni zake. Mwanvita aliuliza kwa sauti ndogo, kiasi gani. Stambuli alimwonyesha vidole viwili, navyo vilikuwa vikitetemeka, wote watatu wakaviona. Alikuwa na hasira, na aibu ilikuwa kubwa kuliko hasira. Wiki tatu nzima! Alikuwa amewapigia simu ndugu wa Kinole kuwaambia mkono umepona, wakamshukuru Mungu kwa niaba yake.

"Nisamehe, mjomba. Kipeleke kwa Hafidhi, mimi sitasema kitu. Mama angeelewa."

"Mama yako hakuwa mtu wa kuelewa," alisema Stambuli. "Toka hapo, Raphael."

Raphael akampisha namba nne. Stambuli akakaa, akacheza, na alama ikatulia kama ilivyotulia asubuhi. Safari hii hakutazama kioo. Alitazama mkono. Kiganja kilikuwa kikitetemeka juu ya mausi, kumbe kilitetemeka siku zote na mausi ikawa haisikii. Kilichokuwa kikifanya kazi ni kiwiko, na nyuma ya kiwiko, bega. Mkono mzima ulikwenda na kurudi juu ya meza kama wa mtu anayepaka chokaa ukuta.

"Kila mtu akiishusha, hivi ndivyo anavyocheza?" aliuliza.

"Lazima, mzee wangu," Raphael alisema. "Wepesi ukiwa juu unacheza kwa kiganja, ukiwa chini unacheza kwa bega. Wako wanaopenda hivyo. Wanasema bega halina papara."

Stambuli hakujua kama huo ni ukweli au ni utamu mwingine wa kumfariji mzee. Alikaa akizungusha jambo hilo kichwani. Miaka thelathini na tano amekata nguo kwa kiganja, juu ya meza, amesimama. Baba yake vilevile. Hakuna aliyewahi kumwambia bega linajua kuvuta mstari, na wala hakuwa na uhakika kama linajua. Akijaribu, huenda vidole viwili vya uharibifu vikawa urefu wa mkono mzima. Alimwambia Mwanvita afunge duka.

Nyumbani alikataa meza. Hariri ikatandazwa sakafuni juu ya mkeka, Raya akiukandamiza upande mmoja kwa magoti, Mwanvita upande wa pili akiuvuta ukaze. Pale palipoharibika Stambuli alipakunja ndani. Pindo likiwa pana pataingia, na kama halikuwa pana basi. Mkasi alimkabidhi Raya.

"Mimi nachora, wewe unafuata," alimwambia. "Hata kama napotea, unafuata?"

"Nitafuata," alisema Raya.

Alipiga magoti. Alishika chaki kwa ngumi nzima, si kwa vidole, akafunga kiwiko, akaanza kurudi nyuma kwa magoti huku bega likivuta. Hakutazama chaki. Alitazama ukuta, pale ambapo pangekuwa na picha ya Pili, kama Pili angependa kupigwa picha. Goti lilimuuma. Alipofika mwisho wa kitambaa alibaki ameinama hivyohivyo, uso kwenye ukuta.

"Mwanvita," alisema. "Umenyooka?"

Mwanvita alifungua mdomo haraka, kisha akaufumba. Akasogea hadi pale mstari ulipoanzia, akalala kifudifudi, shavu karibu na sakafu na jicho moja amelifumba, akaanza kuufuata kwa ncha ya kidole, inchi moja, nyingine, na nyingine.