Mgonjwa wa Picha

Asubuhi ile Odile aliamka akakuta kama pazia jeusi limeshuka pembeni mwa jicho lake la kushoto. Haraka akampigia simu mdogo wake Réjean, mwenyekiti wa kamati ya kliniki ya macho ya dharura. Angempigia nani mwingine? Majira mawili ya baridi Odile alikuwa ameoka pai za nyama kuichangia kliniki hiyo, ili watu wa kijiji chao cha Val-Moreau wasihangaike tena hadi hospitali ya mji wa Sudbury, mwendo wa nusu siku juu ya barafu.

"Pazia jeusi limenishukia jichoni. Jirani yuko tayari kunipeleka Sudbury," alisema.

"Sudbury kufanya nini, dada? Si tunafungua leo mchana! Njoo, daktari atakuona wewe wa kwanza."

Basi akasubiri. Mchana ulipofika, pazia lilikuwa limeshafika katikati ya jicho.

Pale kliniki utepe ukakatwa, makofi yakapigwa. Réjean akamkalisha dada yake kwenye kiti cha mgonjwa, mbele ya mpiga picha wa gazeti. Mwanamume mwenye koti jeupe akamwinamia na tochi.

"Cheka basi, dada! Hatuko msibani!"

Odile akacheka. Kisha akanong'ona, "Daktari, jicho hili linazima. Pazia linashuka tangu asubuhi."

Yule mtu akabadilika rangi. "Mama, mimi ni daktari wa meno. Nimeazimwa kwa ajili ya picha tu. Wa macho bado hajapatikana. Kimbia Sudbury, sasa hivi!"

Odile akamgeukia mdogo wake. "Ulijua?"

"Bila picha ya mgonjwa gazetini, hakuna daktari wa macho ambaye angekubali kuja huku, dada. Nilidhani ni uchovu tu..."

"Nilikwambia pazia, Réjean! Nilikwambia asubuhi!"

Loo! Na huyu ndiye mdogo ambaye Odile alimbeba mgongoni utotoni.

Kule Sudbury Odile aliambiwa amechelewa. Jicho halikuona tena.

Barafu ilipoyeyuka, daktari wa macho alikuja kweli, na watu wanatibiwa. Hilo Odile halisemi vibaya. Lakini pale mapokezi ukutani wametundika picha yake, anacheka.

Juzi Réjean alibisha hodi. "Dada, kliniki inatimiza mwaka. Watu wanaziulizia pai zako."

Odile akaliziba jicho la kulia, lililo zima, kwa kiganja, akamwelekezea lile la kushoto.

"Simama vizuri," alisema. "Namtafuta mdogo wangu, simwoni."

Akafunga mlango.